Vitasa Tisa na Dirisha la Jikoni

Mume wangu ni fundi wa vitasa, na kwa miaka mitatu mimi mkewe nilikuwa siwezi kuingia nyumbani kwangu. Naomba mnielewe vizuri. Sikufukuzwa, wala hatukugombana. Nilikuwa na funguo tatu kwenye mkoba, zinang'aa, amezichonga kwa mikono yake. Shida ni kwamba mlango ulikuwa na vitasa tisa.

Anayetaka kumjua ampitie kibandani kwake asubuhi. Kibanda chenyewe kinatosha meza moja na mtu mmoja mwembamba, na kwa kuwa yeye si mwembamba, meza imebidi itoke nje kidogo, nusu iko barabarani. Ukutani zimening'inia funguo ambazo hazijachongwa, mamia kwa mamia, zimepangwa kwa ukubwa. Mezani kuna jiriwa ya kubania ufunguo, tupa za kila aina za kuuchongea, na miwani ambayo kila siku anaitafuta ikiwa usoni kwake. Watu wa mtaa humwita Fundi tu, utadhani mafundi wengine wote wamehama.

Mtu huja pale anahema. Amejifungia nje, funguo ziko ndani, sufuria iko motoni. Fundi hachukui ila vipande viwili vya waya. Anamfuata, anapiga magoti mlangoni, anafumba macho, na haipiti dakika mbili mlango umefunguka na sufuria imeokolewa. Mwenye nyumba akianza kujieleza kwa aibu, Fundi humkatiza. "Usijisumbue," humwambia. "Kusahau ndiyo ubinadamu." Nimemsikia akisema hivyo mara elfu, na siku zote anasema kwa upole.

Sasa, Jumanne moja mchana kweupe, mwizi akaingia nyumbani kwa fundi wa vitasa.

Alichukua birika la umeme, pasi, na mto mmoja wa kochi. Huo mto mpaka leo sijauelewa. Alipomaliza akarudishia mlango nyuma yake kwa adabu zote. Hakuvunja kitu wala kukwaruza. Fundi alikikagua kitasa kwa kioo cha kukuzia kwa muda wa saa nzima, kisha akatutazama, mimi na binti yetu, uso umempauka. "Huyu si mwizi wa kawaida," akasema. "Huyu ni bingwa."

Mtaa haukumhurumia. Mganga hajigangi, watu walisema, tena walisema mbele yake. Muuza magazeti aliye mkabala na kibanda alikuwa akimwuliza kila asubuhi kama ukichongesha funguo mbili unapewa na birika. Fundi alicheka siku ya kwanza. Siku ya pili alitabasamu, na siku ya tatu akarudi nyumbani na kitasa kipya mkononi.

Hicho kilikuwa cha pili. Cha tatu kilikuja wiki iliyofuata, na baada ya hapo nikaacha kuhesabu kwa tarehe nikawa nahesabu kwa matundu ya mlango. Kila kimoja kilikuwa na tabia yake. Cha pili kilikuwa juu kabisa, hata binti yetu mwenye miguu mirefu alikifikia kwa vidole tu. Cha tano kilizungushwa kinyume, kushoto badala ya kulia, ili kumchanganya mwizi, na mimi kilinichanganya kila siku kwa miaka mitatu. Cha saba hakikubali mpaka uunyanyue mlango kwa goti. Cha tisa kilikuwa chini, usawa wa kifundo cha mguu, kwa hiyo jioni tuliingia kwetu tumepiga magoti.

Na hayo si makubwa. Makubwa ni mgawanyo. Fundi alikaa nasi mezani akatueleza, kwa sauti ya mtu anayehutubia taifa, kwamba funguo zote tisa zisikae kwa mtu mmoja. Yeye atabeba tatu, mimi tatu, binti tatu. "Mmoja wetu akiibiwa," akasema, "mwizi atakuwa na theluthi tu. Na theluthi ya mlango haifunguki."

"Na sisi je?" nikamwuliza. "Mimi nikifika wa kwanza, na theluthi yangu?"

"Utasubiri wenzio."

Tukasubiri. Mimi nashona mapazia, kwenye karakana yenye cherehani tano na feni moja, na hutoka saa kumi. Binti hutoka shule saa kumi na nusu. Fundi hufunga kibanda saa kumi na mbili. Basi kuanzia saa kumi na robo mpaka saa kumi na mbili na dakika ishirini nilikaa kwenye kiti cha jirani yangu Mama Pacha, natazama mlango wangu mwenyewe. Nilitumia choo cha Mama Pacha. Nilichambua mboga zangu kwenye sinia la Mama Pacha. Binti alifanyia kazi zake za shule kwenye ngazi ya Mama Pacha, na kwa kuwa pale hakuna redio wala kitanda, alipanda kutoka nafasi ya ishirini na mbili mpaka ya sita. Hiyo ndiyo faida pekee ya vitasa tisa ninayoweza kuitaja, na Fundi aliinukuu sana.

Mama Pacha mlango wake anaufunga kwa kamba. Ufunguo ulipotea zamani, akapitisha kamba kwenye tundu, akaifunga kwenye msumari, maisha yakaendelea. Fundi alikuwa hawezi kupita pale bila kugeuza uso pembeni. Kwake ilikuwa ni kama kumwona mtu mzima hajavaa nguo.

Watoto wa mtaani ndio waliompa jina la Waziri wa Ulinzi. Aliposikia, nadhani alifurahi.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa wakati mama yake alipokuja.

Mama mkwe wangu ana miaka sabini na moja na kimo cha dawati. Aliishi peke yake tangu mzee alipofariki, na hakutaka kusikia habari za kuhama. Lakini mwaka huo aliteleza bafuni akalala sakafuni tangu asubuhi mpaka alasiri, hakuna aliyejua, mpaka mletaji maziwa alipoona chupa ya asubuhi bado iko mlangoni. Fundi alipopata habari hizo alikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni. Ni mtoto wa pekee. Siku iliyofuata alimfuata mama yake.

Mama akakubali kuja, ila kwa sharti. "Nitakaa wiki tatu nione," akasema. "Nikiona panakalika, nitabaki. Nikiona hapakaliki, nitarudi kwangu, na msinizuie." Fundi alipaka chumba rangi. Alimnunulia blanketi. Alining'iniza saa ukutani usawa wa macho yake, yaani karibu na soketi. Usiku wa kwanza aliniambia, "Akirudi kule akaanguka tena, mimi sitajisamehe." Nikamwambia hatarudi. Wapo wake wanaoomba dua mama mkwe aondoke. Mimi niliomba abaki, kwa sababu nampenda, na kwa sababu ndiye mtu pekee duniani anayeweza kumwambia mume wangu "nyamaza" na akanyamaza.

Asubuhi ya kwanza Fundi akamkabidhi seti kamili, funguo tisa kwenye pete moja, kila mmoja kaupaka rangi ya kucha ya rangi tofauti. Binti alitoa mchango wake wa rangi bila kuulizwa. Ukutani akabandika karatasi ya maelekezo. Kwa mama yake tu ndipo alipoilegeza sheria ya theluthi, maana mama angeshinda ndani peke yake. Vitasa vyenyewe, hata kwa ndani, havikufunguka bila ufunguo.

"Hapa, mama, hata upepo hauingii bila ruhusa," akamwambia.

"Naona, baba," mama akajibu.

Huyu ni mwanamke ambaye maisha yake yote alizoea kutoka nje mara arobaini kwa siku. Anatoka kumwaga maji. Anatoka kuangalia ni nani anayekohoa. Anatoka kumsalimu mtu, akirudi ndani anakumbuka hajamwuliza hali ya watoto, anatoka tena. Siku ya pili alijaribu ule mlango. Alipanda kigoda akafungua cha juu, akashuka, akaendelea. Alipofika cha sita alisahau kama alikuwa anafungua au anafunga, akaanza upya. Alipofanikiwa kutoka, mtu aliyekusudia kumsalimu alikuwa amekwenda sokoni, amerudi, na amelala.

Siku ya nne akaligundua dirisha la jikoni.

Hapa lazima niseme jambo. Dirisha lile halikuwa na nondo. Lilifungwa kwa kijindoano cha waya ambacho hata paka angekisukuma. Mimi nililiona zamani, na siku moja nilimwuliza Fundi habari zake. Alinitazama kwa mshangao. "Dirisha si fani yangu," akasema. Mume wangu katika maisha yake hajawahi kumfikiria mwizi asiyepita mlangoni.

Mama akaweka kigoda kwa ndani na ndoo iliyopinduliwa kwa nje. Akatoka. Akamsalimu Mama Pacha, akarudi ndani, akakumbuka hajamwuliza hali ya watoto, akatoka tena. Wiki ile ya kwanza haikwisha kabla Mama Pacha naye hajaanza kuingia kwetu kwa njia hiyo hiyo, na ikumbukwe Mama Pacha si mtu wa madirisha kwa umbo.

Mimi niliingizwa kwenye siri siku niliyorudi mapema na kichwa kinaniuma. Nilikuwa naelekea kwenye kiti changu cha kusubiria nikasikia sauti kutoka upande wa jikoni. "Mkwe wangu, unakwenda wapi? Pita huku." Nilivua viatu nikapita. Nikajikuta jikoni kwangu, saa tisa na robo, mimi na birika langu jipya, bila kumsubiri mtu. Nilikunywa chai nimesimama. Siwezi kueleza ile raha, nilikaribia kulia.

Binti alituambia yeye ameanza tangu juzi.

Tukawa na maisha mawili. Chini ya dirisha tuliweka mkeka wa kufutia miguu. Mwalimu wa darasa wa binti yetu alipokuja kututembelea, alitanguliza mkoba, kisha miwani, kisha yeye mwenyewe, akakaa akanywa chai, akatusifu kwa nyumba yenye hewa nzuri. Na ilipofika saa kumi na mbili kasorobo, hapa ndipo ninapoona haya, mimi na binti tulitoka tena dirishani, tukazunguka, tukakaa kwenye viti vya Mama Pacha, tukauvaa uso wa watu waliochoka kusubiri. Fundi akifika, tunainuka. Tunafungua theluthi kwa theluthi. Tunapiga magoti kwenye cha tisa. Ndani tunamkuta mama ameketi sebuleni, mikono mapajani, kama hajawahi kuondoka pale.

"Umeshindaje, mama?" Fundi anauliza.

"Ndani," anajibu. Na hakudanganya, maana alikuwa ndani mara arobaini.

Mtaniuliza kwa nini hatukumwambia. Nami nawauliza, nyinyi mngemwambia? Mtu anarudi kazini uso umemng'aa, anamnunulia mama yake matunda, anakagua vitasa kimoja kimoja kabla ya kulala huku akiimba kwa pua. Ungemwendea umwambie kwamba serikali yake nzima inaingilika kwa ndoo?

Lakini wiki ya tatu, siku ya Jumatano, mama aliniita chumbani kwake. Nguo zake alikuwa ameanza kuzikunja.

"Jumapili nitamwambia narudi kwangu," akasema.

Nikamwuliza amekosewa nini. Akasema hajakosewa kitu, mimi ni mwanawe, binti ni roho yake. "Ila mwanangu, mimi ni mzee. Nyumba ya kupita dirishani nimeiweza wiki tatu, sitaiweza miaka. Na tena ni tabia ya mwizi, na mimi si mwizi. Nataka nyumba ambayo nikisikia mtu anapita, nafungua nikamwona. Basi. Sina jingine."

"Mwambie Fundi."

"Nimwambie aondoe vitasa? Hivyo ndivyo anavyonipenda. Ukimkataza mtu namna yake ya kupenda, atakupendaje tena?"

Nilitoka nikaenda kukata vitunguu ili nipate sababu ya macho yangu.

Ijumaa Fundi akaamka na mafua. Na mafua ya mume wangu si mafua ya watu wengine, ni msiba. Alijifunika mpaka kichwani akatuusia mimi na binti tuangaliane vizuri. Tukaenda zetu, na tukafunga vitasa vyote tisa kwa nje, kwa sababu ilikuwa ni sheria yake mwenyewe kwamba mlango haukai wazi hata akiwamo mtu ndani. Funguo zake tatu alitukabidhi tukaondoka nazo. Yeye hakuona shida, kwani mama yake ana seti kamili.

Yaliyofuata sikuyaona. Nimesimuliwa na Mama Pacha, ambaye huongeza, na mama, ambaye hupunguza, na Fundi, ambaye hukohoa. Nimechukua ya katikati.

Saa nne hivi Fundi alilala. Mama akasikia mtu anakohoa nje, akasahau kwamba mkohozi wa siku hiyo yumo ndani, akapanda kigoda apite kwenda kuangalia. Mguu mmoja ukakanyaga ndoo, ndoo ikakimbia. Fundi akaamshwa na kishindo na sauti ya mama yake ikisema, "Lo, jamani."

Akakimbilia jikoni. Akatoa kichwa dirishani, akamwona mama yake amekaa chini, ameshika mguu, funguo tisa za rangi zimetawanyika mapajani. Akajaribu kupita. Kichwa kikapita, bega moja likapita, na kazi ikaishia hapo. Fundi ni mtu mpana. Alikwama kidogo, akajikwamua, akabaki anaangalia tu.

"Mama umeumia?"

"Sijaumia, baba. Sema siwezi kusimama."

Mama Pacha alikuwa amefika. Akaziokota funguo akampitishia dirishani. Fundi akakimbilia mlangoni. Sikilizeni sasa, huyu ni mtu anayefungua mlango wowote mtaani kwa dakika mbili na waya mbili. Alifungua cha kwanza. Cha pili. Cha tatu alikosea ufunguo mara tatu kwa sababu ya rangi, waridi mbili zinafanana. Cha nne. Kwenye cha tano akazungusha kulia badala ya kushoto, kwa nguvu zote, na ufunguo ukakatikia ndani.

Mama Pacha anaapa kwamba alimsikia akilia. Fundi anasema yalikuwa mafua.

Zana zake zote zilikuwa kibandani. Akasimama pale na kipande cha ufunguo mkononi, mama yake ameanguka upande wa pili wa ukuta na yeye hawezi kumfikia, tena kwa kazi ya mikono yake. Ndipo macho yake yakahama upande. Miaka mitatu aliuangalia mlango ule kushoto. Kulia kulikuwa na bawaba tatu, za tangu nyumba ilipojengwa, skrubu zake zote zinatazama ndani. Akachukua kisu cha kupakia siagi. Haikuchukua dakika tano. Mlango ukafunguka kwa upande usio wake, ukaning'inia kwenye vitasa vitano vilivyobaki, na Fundi akapita kwa ubavu, na blanketi mabegani.

Alimfikia mama yake akaketi naye mavumbini. Mguu ulikuwa umeteguka tu, alipata nafuu baada ya siku chache. Lakini yeye hakuuliza habari za mguu kwanza. Alitazama ile ndoo. Alitazama kigoda kupitia dirishani. Aliutazama mkeka wa kufutia miguu, uliochakaa.

"Mama," akasema, "ile siku ya mwizi, mlango haukuwa umefungwa. Mimi ndiye niliyetoka wa mwisho. Nilisahau kufunga."

"Najua," mama akasema.

"Umejuaje?"

"Tangu mdogo ulikuwa hufungi mlango. Unafikiri nani alikuwa akifunga nyuma yako?" Akamfuta pua kwa ncha ya blanketi. "Umesahau kitasa kimoja, baba, ukaweka vinane vingine ili vikusaidie kukisahau. Si ungekizungusha tu kile kimoja?"

Mama Pacha aliniletea habari hizo karakanani kwa miguu yake, hakuweza kungoja saa kumi. Niligandisha pazia chini ya sindano nikamsikiliza mpaka mwisho. Nisiwafiche, nilikasirika. Miaka mitatu kwenye kiti cha watu! Miaka mitatu ya goti na theluthi, kumbe bingwa wa wezi alisukuma mlango uliokuwa wazi. Nilimnunia mume wangu Ijumaa yote na Jumamosi mpaka adhuhuri. Halafu nikamwona amechuchumaa mlangoni, anang'oa vitasa vyake kimoja kimoja, anavifuta vumbi, anavipanga kwenye kitambaa kwa taratibu ya kuvizika, na mafua yanamtiririka. Huyu anayewaambia wateja wote kwamba kusahau ndiyo ubinadamu. Yeye mwenyewe hakuna aliyewahi kumwambia. Nikaenda nikamwambia.

Alibakiza kimoja, kile cha kwanza kabisa tulichokikuta tulipohamia. Matundu mengine aliyaziba kwa mbao, mlango ukawa na viraka vinane. Alimpelekea Mama Pacha kitasa kimoja bure, kizuri, cha shaba. Mama Pacha akakigeuza geuza akamrudishia. "Asante, Fundi," akasema, "lakini kamba yangu haijawahi kunikatikia ndani."

Jumapili ikafika. Tulikuwa sebuleni wote wanne, mama ameweka mguu kwenye mto, mfuko wake wa nguo uko pembeni ya kiti, umefungwa. Hakuna aliyeutaja. Fundi akatoa mfukoni funguo nne, zote sawa, za mlango mmoja wenye kitasa kimoja. Akampa binti wake, akanipa wangu, akabaki na wake. Wa nne akauweka kwenye kiganja cha mama yake, akakifunga kile kiganja kwa vidole vyake mwenyewe. Kwa upande wangu nilikuwa nimeshika ukingo wa kochi kwa mikono miwili.

Mama akafungua kiganja, akautazama, akamrudishia.

Fundi akashusha macho. "Mama, ningekuomba…"

"Wa nini mimi?" mama akasema. "Ufunguo ni wa mtu anayerudi na nyumba haina mtu. Mimi si nitakuwepo?"

Fundi hakuelewa. Mimi na binti tulielewa, na binti alikuwa ameshauchukua ule mfuko anaurudisha chumbani, Fundi bado anakokotoa. "Lakini mama, ukitaka kutoka, umsalimu mtu?"

"Mlango nitaurudishia tu."

Nilimwona mume wangu akilimeza lile. "Sawa, mama," akasema.

Jumatatu nilichelewa karakanani, nikakutana na Fundi kwenye kona tukarudi pamoja. Alikuwa na mapapai mawili kwapani. Tulipofika, mkono wake ulikwenda mfukoni, ukautoa ufunguo, ukasimama nao mbele ya kitasa. Ndani tulisikia sufuria inafunikwa na mtu anajisemea peke yake. Fundi akaurudisha ufunguo mfukoni. Akakohoa, akanyoosha kola ya shati. Akagonga.

"Hodi," akasema, nyumbani kwake.

"Karibu, baba," sauti ikajibu. "Sukuma, nipo."

Akasukuma, akaingia na mapapai yake, na mlango ukajirudishia nyuma yake. Ningeweza kumfuata. Lakini nilikaa pale nje kidogo, nikaweka mkoba chini, nikabisha na mimi, ili nijibiwe.